Uzi wa Tano wa Ushangani

Sitawachosha kwa habari za njia. Aliyefika Ushangani anaijua, na asiyefika haitamsaidia kitu. Nitasema niliyoyakuta ndani, kwa mpangilio niliouona, wala sitaongeza chumvi. Chumvi wanayo wenyewe ya kutosha.

Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza karani. Hakuniuliza jina. Alinitazama kifuani kama mtu anayesoma tangazo ukutani, na alipokuta hapana kitu akashusha pumzi.

“Huna nyuzi?”

“Sina.”

“Sasa utapimwaje, dada?”

Akanivika uzi mweupe mtupu, uzi wa mgeni, akanionya nisiuvue hata nikioga. Mwenye uzi huo hufunguliwa milango pale tu anapofuatana na mwenyeji, na kila asubuhi sharti arudi mlangoni kuonyesha kwamba bado ni mgeni.

Sheria yao kuu ni hii. Mtu akitimiza miaka kumi na saba husimama mbele ya watu, akapewa shanga ishirini na nyuzi tano. Uzi wa kwanza ni wa Nguvu, wa pili Wepesi, wa tatu Akili, wa nne Haiba, wa tano Subira. Hutunga atakavyo. Akimaliza, ofisa mmoja humfunga fundo nyuma ya shingo na kulimiminia nta, na tangu hapo yeye ni zile shanga. Hawasemi fulani ni mpole au ni mkali. Husema, “Huyo ni Haiba saba,” na mazungumzo yanaishia hapo.

Kila penye ugumu wowote hukaa mpimaji mwenye fimbo. Ukifika darajani anapaza sauti, “Wepesi tatu!” Ukiwa nazo unapita, ukizikosa unazunguka bondeni. Ukitaka kusoma kitabu, “Akili tano!” Hata mahakamani hawaulizi nani kasema kweli. Huhesabu Haiba za pande mbili, na hakimu hupata muda wa kula.

Lakini hapakuwa na mpimaji hata mmoja aliyewahi kuita Subira. Katika vizazi vyao vyote hakuna mlango uliohitaji uzi wa tano, kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu aliyeutungia kitu. Waliuacha ukining'inia. Wengine waliutumia kufungia vitunguu, wengine kuchokonolea meno. Walipotaka kumtukana mtu walimwita mtupu kama uzi wa tano.

Mwenyeji niliyepewa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, jina lake Siwatu. Alikuwa na shanga mbili kwenye kila uzi wa zile nne za kwanza, na zote zilizobaki, kumi na mbili za rangi ya majivu, alizitunga kwenye Subira. Nilipomuuliza sababu alisema kwamba mwaka aliotimiza kumi na saba mama yake alikuwa mahututi, na ugonjwa ule haukuwa na haraka.

“Nilitunga nilichokihitaji siku hiyo,” alisema. “Watu walicheka mpaka ofisa akamwaga nta.”

“Unajuta?”

“Mama alikufa akiwa amelala mkono wangu. Nijutie nini?”

Watu wa mtaa walimdharau Siwatu, na walimletea vitu. Walimletea nyuzi za kushonea zilizosokotana mpaka zikawa kama kiota. Walimletea watoto wanaokataa kula na wazee wanaokataa kufa. Hakuna aliyeshukuru, kwa kuwa hakuna mpimaji aliyeita kitu, na kisichoitwa hakikutendeka.

Kila alasiri alikuja fundi viatu mmoja, Mhina. Huyu alikuwa na kigugumizi kizito. Neno lilimkaa kinywani kama mfupa. Mji mzima ulikuwa umezoea kummalizia sentensi zake, tena kwa kukosea, na yeye kwa kuchoka akakubali kwamba alitaka chumvi hali alitaka misumari. Kwa Siwatu aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kisa saa tisa na kukimaliza jua likizama. Siwatu alikuwa akifumua nyuzi za watu huku amemwelekezea uso. Hakumsaidia hata herufi moja.

“Bi Si-Si-Siwatu,” alimwambia siku moja mbele yangu, “we-wewe ndiye mtu pekee a-anayejua kwamba mi-mimi ni mchekeshaji.”

Na kweli alikuwa mchekeshaji. Niliwahi kusikia kisa chake cha mbuzi aliyechaguliwa kuwa mpimaji, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini ilinibidi ningoje karibu saa nzima kufika kwenye mbuzi.

Mtu wa tatu nyumbani mle alikuwa Kidawa, binti pekee wa Siwatu, mwenye miaka kumi na sita. Alikuwa akichora ramani: mifereji, ngazi, visima, kwa mistari myembamba kama unywele, na pua yake karibu igusane na karatasi. Alikuwa ameshaamua. Akili kumi na mbili, Wepesi nane, basi.

“Na Subira?” nilimuuliza.

“Subira ninayo ya mama,” alisema. “Tunakaa nyumba moja.”

Mwaka ule Baraza la Mizani lilikuwa limeshikwa na aibu. Waasisi, walisema, waliweka nyuzi tano zilizo sawa. Uzi mmoja kutotumika ni tusi kwa makaburi yao. Walikuwa wamekwisha kujaribu dawa moja: kwamba mwenye shanga nyingi za Subira ahudumiwe kwanza kila mahali. Vijana waliotunga mwaka ule walijaza Subira kumi, kumi na tano. Wakawa watu wasiongoja kabisa. Walifika wakipiga viwiko, wakipiga kelele, “Subira kumi na tano hapa! Pisheni!” Mzee mmoja alivunjwa mguu na msafara wa wenye subira.

Nilihudhuria kikao cha kutafuta dawa ya pili. Siwatu alinisindikiza akaketi nyuma na kitambaa chake cha kufuma. Katika ukumbi wote hakuna aliyegeuka kumwuliza kitu, ingawa shanga zote za Subira zilizokuwamo zilikuwa shingoni mwake.

Mjumbe mmoja, Haiba kumi, alitaka uzi wa tano ukatwe. “Tuwe na nyuzi nne. Meza ina miguu minne na haianguki.”

“Mkono una vidole vitano,” alijibiwa. “Kata kimoja tuone utakavyokula wali.”

Ukumbi ulicheka. Ndipo akasimama Mtungaji Mkuu, Mheshimiwa Shemkai, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Nakiri kwamba alizungumza Kiswahili kizuri kuliko wote. Sijawahi kusikia upumbavu uliosemwa kwa ufasaha kama ule.

“Waheshimiwa,” alisema, “kosa letu ni dogo. Tulimpa mwenye subira nafasi ya mbele. Aliye mbele hangoji, na asiyengoja subira yake inafanya kazi gani? Ni sawa na kumnunulia mvuvi nyavu na kumkataza mto. Nguvu ina maana kwa sababu nchi ina mawe. Wepesi una maana kwa sababu nchi ina mabonde. Subira haina maana kwa sababu hatujaijengea kitu cha kusubiri.”

“Kijengwe!” wakapiga makofi.

“Kijengwe. Na kila mtu angoje kwa kadiri ya alichonacho. Ushanga mmoja, siku moja. Asiyekuwa nao tusimwonee. Ahudumiwe papo hapo, maana hawezi kungoja. Mwenye nazo angoje, maana anaweza. Hivyo hakuna ushanga utakaolala bure.”

Hoja ilipita bila mtu kupinga. Siwatu alikunja kitambaa chake. Tulipotoka nje nilimuuliza anaonaje.

“Nimengoja miaka ishirini na mitano bila kuambiwa,” alisema. “Sasa nitangoja kwa kuambiwa.”

Majumba ya kungojea yalijengwa upesi kuliko jengo lolote nililoliona pale. Kisimani, sokoni, mahakamani, penye dawa. Kila moja lilikuwa na mabenchi, dirisha, na karani, na juu ya mlango walichora methali isemayo mvumilivu hula mbivu. Vijana wa Subira kumi na tano waliingia na ndoo asubuhi ya kwanza, na siku ya kumi na tano ndipo walipotoka na maji. Wawili walitoka na wazimu pia. Siwatu, zamu yake ilipofika, alichota maji ya siku kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, kwa mitungi ya kuazima, akarudi nyumbani kufumua nyuzi. Nilianza kudhani sheria ile haitamwumiza.

Kisha jicho la kushoto la Kidawa likaamka jekundu. Siku ya pili liliota utando mweupe, kama maziwa yaliyopoa. Tabibu Mbelwa alilitazama kwa wizi, barabarani, akielekea kwake, kwa kuwa tabibu haruhusiwi kutibu nje ya dirisha.

“Linatibika,” alisema. “Lakini dawa iingie kabla ya siku ya kumi. Baada ya hapo nitakuwa namwaga tu. Na kuna jambo jingine, Bi Siwatu. Ni matone kila saa, alfajiri mpaka magharibi, siku ishirini, chumba kikiwa na giza. Kila tone umshike kichwa, uhesabu mpaka mia tatu, asipepese. Ukiharakisha, dawa inatoka na machozi. Wengi hushindwa hapo.”

“Mimi sitashindwa hapo,” alisema Siwatu.

“Najua. Ndiyo maana nimekwambia linatibika.”

Asiyetimiza miaka kumi na saba huhesabiwa kwa nyuzi za mzazi. Karani wa dirisha la dawa alihesabu shanga za Siwatu kwa ncha ya kalamu, akaandika: siku kumi na mbili.

“Mwanangu ana kumi tu,” Siwatu alisema. “Na mbili zimeshapita.”

“Mimi nahesabu shanga, mama. Macho sihesabu.”

Nilijitokeza mimi na uzi wangu mtupu. Nilisema nina Subira sifuri, basi nihudumiwe papo hapo na nitamchukulia dawa mtoto. Karani alifungua kitabu, akasoma, akafunga.

“Mgeni hapimiki. Asiyepimika hangoji, na asiyengoja hana foleni ya kufika mwisho wake. Na hata ungepimika, dawa ya mtoto hupewa mzazi wake tu. Kaa pale, dada.”

Siku iliyofuata Siwatu alikwenda barazani. Alisimama mbele ya Mtungaji Mkuu akaeleza habari ya jicho kwa maneno machache, hakulia. Mheshimiwa Shemkai alimsikiliza mpaka mwisho. Akashuka kitini. Macho yake yalikuwa na machozi, na naamini yalikuwa ya kweli.

“Waheshimiwa, mtazameni mama huyu! Tulitunga sheria tukiwa hatujui kama ina mtu. Mtu wake huyu hapa. Kumi na mbili, alizitunga kabla hazijawa na faida, kabla hatujampa sababu. Je, tumwache aende hivihivi?”

“Hapana!” ukumbi ukaitika.

Wakamwita ofisa wa nta. Fundo la nyuma ya shingo lilifunguliwa kwa heshima ambayo, niliambiwa, haikuwahi kufanyiwa mtu, wakamtunukia shanga tatu za rangi ya majivu. Walipiga makofi wakiwa wamesimama. Siwatu alingoja kimya kirudi.

“Mheshimiwa,” alisema, “sasa ni siku kumi na tano.”

“Ndiyo, mama.”

“Mtoto hataona.”

Shemkai alimshika mabega yote mawili. “Na ngoja hii tumpe nani, mama yangu? Asiyeiweza?”

Tulikaa katika jumba la kungojea. Kidawa alilaza kichwa mapajani mwa mama yake, kitambaa kimefunika jicho. Mhina, ambaye alihamishia kisanduku chake cha viatu mlangoni pa jumba lile kwa sababu wangojao huvua viatu, alikuja kukaa nasi kila alipopata nafasi. Mbele yetu watu walipita na kuhudumiwa: mwenye kipele, mwenye kikohozi cha jana, mwenye kutaka mafuta ya nywele. Walikuwa na sifuri.

Siku ya nne tangu jicho liwe jekundu nilimwambia Siwatu lililokuwa kooni mwangu. Sheria haikatazi mtu kukata uzi wake mwenyewe. Haikatazi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa mjinga hivyo: kilichokatwa hakitungwi tena, na mtu hubaki bila kile kitu maisha yake yote.

“Ukate,” nilisema. “Utakuwa sifuri. Dirisha litafunguka.”

“Nimeliwaza hilo kabla yako, mgeni wangu. Nikiukata, nani atamkalia siku ishirini?”

“Mimi nitamkalia.”

Alinitazama bila dharau. “Wewe huwezi kungoja chai ipoe,” alisema.

Kidawa akacheka chini ya kitambaa. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwake.

Siku ya tano, ya sita, ya saba. Utando ulienea. Siku ya nane Kidawa alimwambia mama yake kwamba anaona dirisha la karani kama doa la maji. Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, hakusema kitu. Siwatu alikiinua kichwa chake taratibu, akakilaza juu ya khanga iliyokunjwa. Akasimama, akaenda dirishani, akachukua kisu cha karani cha kuchongea kalamu, akaukata uzi wa tano.

Shanga kumi na tano ziliruka sakafuni. Zilikimbia chini ya mabenchi, nyuma ya milango, katikati ya vidole vya miguu ya watu. Kijana mmoja wa Subira kumi na tano alishika uzi wake mwenyewe kama anayeangalia kama bado upo. Karani aliinama akatazama kifua cha Siwatu.

“Sifuri,” alisema. “Karibu, mama. Unahitaji nini?”

Chupa ilikuwa mkononi mwake kabla ushanga wa mwisho haujaacha kuviringika.

Siku mbili baadaye Baraza lilitangaza kwamba uzi wa tano, kwa mara ya kwanza tangu waasisi, umetumika mpaka ukaisha. Walipeana pongezi. Sikuona mtu akiuliza umetumika kwa kitu gani.

Sijui kama shanga za nchi ile ni kitu kweli au ni imani tu. Mimi ni mgeni, nasimulia nilichokiona. Tone la kwanza Siwatu alihesabu mpaka mia tatu. La pili aliishia mia moja na arobaini. Jioni alikuwa akizungukazunguka chumbani akitazama chupa kama adui. “Tulia!” alimfokea mtoto aliyekuwa ametulia. Alitupa nje mafundo yote ya majirani, na jirani mmoja aliyekuja kulalamika alipigiwa mlango puani.

Nami nilimkalia Kidawa, kama nilivyoahidi. Asubuhi sikuwapo, nilikuwa mlangoni kuonyesha kwamba bado ni mgeni. Alasiri nilimshika kichwa nikahesabu. Nitasema kweli kwa kuwa sina faida ya kuficha: mara nyingi nilifika mia nikarukia mia mbili. Mtoto alijua. Alikuwa akihesabu moyoni pamoja nami, na nilipotamka mia tatu midomo yake ilikuwa bado inacheza.

Siku ya ishirini Tabibu Mbelwa alifungua dirisha la chumba, akafungua kitambaa. Kidawa alitazama huku na huku.

“Unaona nini?”

“Mwanga.”

“Na mkono wangu?”

“Naona mwanga tu.”

Tabibu alikunja kitambaa mara nne, akasema jicho la kulia ni zima na tushukuru, akaondoka. Kwenye meza kulikuwa na ramani ya mifereji, nusu yake haijachorwa. Siwatu aliichukua, akaiweka, akaichukua tena. Kibali changu cha kukaa nchi ile kilikuwa kinaisha siku ileile na mzigo wangu ulikuwa umefungwa.

Alasiri, saa tisa, Mhina alikuja. Alivua kofia. Hakuketi juu ya kinu. Alikuwa amefumba mkono wa kuume, na kwa nilivyosimama niliona baina ya vidole vyake kitu kidogo cha rangi ya majivu, kisha cha pili. Magoti ya suruali yake yalikuwa meupe kwa vumbi la sakafu ya jumba la kungojea.

“Bi Si-Si-Siwatu,” alianza. “Ni-nime... nime-o-o...”

“Nimekuja kukupa pole,” Siwatu alisema. “Sawa, Fundi. Imefika. Asante.”

Mhina alisimama kinywa wazi. Nilingoja ajaribu tena. Alimtazama Siwatu usoni, kama mtu aliyekuta nyumba anayoijua ina kufuli jipya. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kama alivyozoea kukubali kwa watu wengine wote, akatia mkono mfukoni, akavaa kofia na kutoka.

Kidawa alikuwa bado kitandani, uso umeelekea mlango.

“Mama,” alisema, “hakumaliza.”